Madini Yasiyostahimili Mvua
Mhadhara kwa walimu, wakulima na wanafunzi wa Kabuchai



Madini nitakayoyazungumzia hayapo Kabuchai. Hayapo Chwele wala Kimilili, hayapo ng'ambo ile ya Kitale, na mtu akikujia na jiwe lililofungwa kwenye gazeti akadai ndiyo haya, funga mkono wako. Nimeombwa niseme juu ya madini ya volkano, kwa kuwa sisi sote tumezaliwa miguuni mwa volkano kubwa, Mlima Elgon. Ningechagua dhahabu, ukumbi ungejaa hadi madirishani. Nimechagua kitu kisicho na soko, kisichovaliwa, kisichojengea, na ambacho kikiachwa uwanjani hapa usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, asubuhi hakipo. Kinaitwa tolbachaiti.

Kwa alama za kemia ni CuCl2. Atomi moja ya shaba, mbili za klorini, basi. Kwa uzito, shaba ni asilimia 47 hivi na klorini ndiyo iliyobaki. Hakuna kigeni hapo. Shaba inapita kwenye nyaya za umeme juu ya paa hili, na klorini mlikula jana kwenye chumvi ya mboga. Mwanafunzi yeyote wa kemia wa sekondari ameiandika fomula hiyo kwenye daftari lake mara nyingi, akasahihishwa, akaisahau. Basi mbona madini yenyewe yawe adimu kiasi kwamba wanajiolojia wengi wanastaafu bila kuyaona? Jibu langu naliweka mezani mapema ili mpate muda wa kulipinga: vitu vinavyoyaunda ni tele, kinachokosekana ni mahali pa kujikinga na maji. Na nikimaliza, natumaini mtakubali kwamba jambo hilohilo ndilo lililoamua ni chumvi gani Mlima Elgon umetuachia na ni ipi umeipoteza.

Tutazame kwa macho kwanza. Mwalimu wa kemia amenipa kijiko kidogo cha kloraidi ya shaba kutoka kabati la maabara, nami nimeitia kwenye neli hii ya majaribio. Walio mbele wanaona fuwele ndogondogo za buluu iliyoegemea kijani. Ukizigusa ni kavu, lakini zina maji ndani: kila kipimo kimoja cha kloraidi ya shaba kimeshikana na molekuli mbili za maji, na maji hayo ni kama sehemu moja kwa tano ya uzito wote. Sasa napasha polepole, mdomo wa neli nimeuelekeza ukutani, dirisha liko wazi. Tazameni sehemu ya chini. Rangi inageuka, inaingia umanjano, kisha hudhurungi. Na huku juu, kwenye shingo ya neli ambako kioo hakijapata moto, matone ya maji yanajitokeza. Mkisikia kitu kinachoma pua, ni asidi ya hidrokloriki kidogo inayotoroka pamoja na mvuke, na ndiyo sababu ya dirisha. Nazima moto. Nasubiri neli ipoe, maana tone la maji kwenye kioo cha moto hukipasua. Haya, nadondosha tone moja pembeni. Ile hudhurungi imekwisha kurudi kijani kabla sijaiweka neli mezani.

Mmeona madini mawili kwa dakika chache. Lile la buluu ya kijani, likipatikana ardhini bila mkono wa mtu, huitwa eriokalsaiti. Lile la hudhurungi ndilo tolbachaiti. Baina yao hakuna tofauti isipokuwa maji, na wala si lazima umwage tone. Ningeiacha neli hii wazi hapa mezani, unyevu wa hewa ungeifanya kazi hiyo polepole bila mtu kuhusika. Mnajua wenyewe chumvi ya mezani inavyogandamana kwenye kikopo kule Mombasa hadi watu huitia punje za mchele. Kloraidi ya shaba ina tabia hiyohiyo, ila imezidisha: baada ya kunyonya unyevu huendelea kuyeyuka, na mililita 100 za maji ya kawaida humeza zaidi ya gramu 70 zake.

Sasa, yalionekana wapi? Wa kwanza kuzikusanya kloraidi za shaba za volkano kwa makini walikuwa Waitaliano. Katika karne ya 19 Arcangelo Scacchi wa Napoli alikuwa akipanda Vesuvius kila ilipotulia baada ya kutapika, akakwangua maganda ya rangi kwenye nyufa zinazotoa moshi. Eriokalsaiti ni yake. Ni yake pia melanothalaiti, ambayo ina shaba, klorini na oksijeni, nyeusi ikitoka tunduni na kijani ikishakaa hewani. Tolbachaiti yenyewe ilimpita. Sidhani ni kosa lake, kwa sababu mtu anayeteremka mlima na mfuko wa sampuli karibu na bahari ya Napoli anabeba tolbachaiti na kufika nyumbani na eriokalsaiti.

Ikabidi kungoja hadi Julai 1975. Rasi ya Kamchatka, mashariki kabisa mwa Urusi, ardhi ilipasuka kusini mwa volkano ya Tolbachik, na mpasuko huo haukunyamaza hadi Desemba 1976. Vilima vipya vya majivu na mawe meusi vikainuka mahali palipokuwa tambarare. Lava ilipokoma, joto halikuondoka. Kwa miaka mingi vilima hivyo viliendelea kupumua gesi ya moto kupitia matundu, mengine yakiwa na joto la mamia ya nyuzi sentigredi, huku theluji ikianguka hatua chache pembeni. Humo ndani ya matundu, Lidia Vergasova na Stanislav Filatov waliipata kloraidi ya shaba isiyo na maji, na mwaka 1983 wakaitangaza kwa jina la volkano. Tangu hapo vilima vile vimetoa zaidi ya aina 100 za madini ambayo hayakuwa yakijulikana popote duniani. Wawili hao nao wakapewa heshima yao: kuna vergasovaiti, na kuna filatovaiti. Vijana, mkiambiwa kwamba kila kitu kimeshagunduliwa, kumbukeni tundu la moshi lililozaa madini mia.

Hapa pana fumbo ambalo nataka tulikalie. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na ili ichemke iwe mvuke inahitaji zaidi ya nyuzi 2,500. Hakuna volkano iliyo na moto wa namna hiyo. Lava ya kawaida ya basalti haifiki hata nyuzi 1,300. Shaba inatokaje ndani ya mwamba ulioyeyuka hadi kwenye ukuta wa tundu, mita nyingi juu?

Inabebwa na klorini. Gesi za volkano zina mvuke wa maji, dioksidi ya kaboni, gesi za salfa, na asidi ya hidrokloriki. Klorini ikikutana na shaba kwenye joto kali, hutengeneza kloraidi ambayo ni nyepesi kuruka, na shaba hupanda pamoja na moshi kama abiria aliyepewa lifti. Gesi inapopoa ikipita kwenye nyufa, haina nguvu tena ya kumbeba, inamteremsha ukutani. Ikiwa upepo unaingia tunduni, oksijeni ya hewa humalizia kazi na kuigeuza kloraidi yenye klorini moja kuwa yenye mbili. Kila madini hushuka mahali pake kulingana na joto, ndiyo maana ukuta wa tundu moja unaweza kuwa na tabaka jeusi, la hudhurungi, la manjano na la kijani ndani ya urefu wa mkono.

Mnadhani jambo hili linahitaji kwenda Kamchatka? Nendeni jioni kwa wale vijana wanaochoma nyaya nyuma ya yadi za vyuma chakavu, Bungoma mjini au Kitale. Wanatafuta kopa, yaani shaba. Ganda la waya ni plastiki ya PVC, na zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Moto ukishika, tazama kingo za miali: kijani kibichi, na mahali pengine buluu. Hiyo ni kloraidi ya shaba imekuwa mvuke ndani ya moto. Ni shaba ileile iliyopewa lifti na klorini, kwenye moto ambao haungeweza kamwe kuichemsha shaba tupu. Wanaotengeneza fataki hutegemea rangi hiyohiyo kupata buluu yao. Na zikiachwa nje kwenye umande siku chache, nyaya zilizochomwa huota ukoko wa kijani. Mchoma nyaya huulaumu umande peke yake, lakini ulianza na klorini ya ganda alilolichoma.

Niseme hapo hapo, kabla mtu hajasema mwalimu ametufundisha kuchoma nyaya. Moshi ule ni hatari kupita unavyonuka. Kloraidi ya shaba husaidia kutengenezwa kwa dioksini, sumu inayokaa mwilini na kwenye maziwa ya ng'ombe waliolisha karibu. Na tangu Januari 2022, Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda kwa sababu ya wizi wa vifaa vya umeme, hakuna asiyejua waya unaochomwa usiku mara nyingi umetoka wapi. Tuendelee.

Mtu ataniuliza: sisi tuna Bonde la Ufa, tuna volkano hai, mbona tolbachaiti haikupatikana kwetu? Sehemu ya jibu iko chini sana. Kamchatka imekaa mahali ambapo sakafu ya Bahari ya Pasifiki inazama chini ya bara, ikishuka na maji ya bahari na chumvi yake, na volkano zinazopata chakula hicho hutapika klorini kwa wingi. Bonde la Ufa halina bahari inayozama chini yake. Hapa ardhi inavutwa pande mbili na kupasuka. Volkano zetu zina utajiri wa namna nyingine: sodiamu, potasiamu, kaboni, florini. Klorini ipo pia. Nyiragongo na Nyamulagira, kule juu ya Goma, hutoa moshi wenye asidi za salfa, klorini na florini hadi mvua inayoshuka upande wa upepo inaunguza majani ya mashamba. Lakini angalieni nimesema mvua inayoshuka. Gesi haina budi kukutana na maji.

Mfano wetu bora, ule ambao ningependa kila mwalimu wa jiografia aufundishe kabla ya Vesuvius, ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Ndiyo volkano pekee duniani iliyoonekana katika nyakati zetu ikitoa lava ya kaboneti za sodiamu. Lava yake ina joto la nyuzi 500 na kitu, nusu ya lava ya kawaida, na ni nyepesi hata hutiririka upesi. Mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson alieleza jambo hilo kwenye jarida la kisayansi na kuwashangaza wengi walioshikilia kwamba lava ya namna hiyo haiwezekani. Madini mawili makuu ndani yake yakaja kupewa majina ya watu tunaowajua: nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriaiti, ya J. W. Gregory aliyeandika juu ya Bonde la Ufa. Kloraidi za sodiamu na potasiamu zimo pia.

Lava hiyo hutoka nyeusi. Ukikaa nayo kreta ikiwa na unyevu, ndani ya saa kadhaa inaanza mistari myeupe kwenye kingo, na baada ya siku chache uso wote ni mweupe na unamomonyoka mkononi. Nyerereaiti imekutana na maji, imevunjika. Watu walioutazama mlima kwa mbali zamani walidhani ule weupe juu ni theluji. Hata maabara hupata shida: mawe ya kawaida hukatwa kwa msumeno unaopoozwa na maji, lakini jiwe bichi la Lengai ukilikata kwa maji unabaki na uji. Hukatwa kwa mafuta, na sampuli huwekwa kwenye vyombo vilivyofungwa pamoja na kikaushio. Wanaohifadhi tolbachaiti hawana njia nyingine. Huwa ndani ya kichupa kilichozibwa, na anayekifungua kwa udadisi anaiua sampuli.

Nimefika Elgon. Mlima huu uliwaka zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, na ulikuwa wa jamii hiyo ya Bonde la Ufa yenye sodiamu nyingi. Ng'ambo ya mpaka, Tororo na Sukulu kuna vilima vya kaboneti vilivyotokana na volkano za kale za jamii hiyohiyo, na mojawapo ya miamba hiyo wanajiolojia wanaiita Bukusu hadi leo. Kaldera ya kilele ina upana wa takriban kilomita 8. Mlima wa ukubwa huo haukosi kuwa ulikuwa na matundu ya moshi, na sioni sababu ya kukana kwamba ndani yake kulikuwa na maganda ya rangi. Hakuna hata moja lililobaki. Mvua ya milimita 1,200 na zaidi kwa mwaka, mara miaka milioni kadhaa, imezipeleka chumvi zile kwenye mito ya Kuywa, Nzoia na kwingineko, kabla hajazaliwa mtu wa kuzipa jina.

Isipokuwa palipokuwa na paa. Nyote mmesikia habari za mapango, Kitum, Makingeni na mengineyo, upande wa hifadhi kule Trans Nzoia. Mpelelezi Joseph Thomson alipofika mlimani mwaka 1883 alidhani yamechimbwa na mabingwa wa kale kutafuta vito. Waliochimba walikuwa maji na wanyama. Mwamba wa pango ni majivu na vipande vya mawe vilivyogandamana baada ya milipuko. Mvua hupenya kutoka juu taratibu, huokota sodiamu ndani ya mwamba, ikatokea kwenye ukuta wa pango na kukauka, ikiacha chumvi. Kubwa kati ya hizo ni mirabilaiti, salfeti ya sodiamu yenye molekuli 10 za maji kwa kila kipimo, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Hiyo nayo ingeoshwa nje kwa mvua moja. Ndani ya pango inadumu.

Na wanaoifuata ni tembo. Huingia Kitum usiku, gizani kabisa, hadi mita 200 hivi ndani ya mlima, wakipapasa kwa mkonga, wakachonga ukuta kwa pembe, wakameza mwamba. Alama za pembe ziko ukutani, mistari mirefu iliyopita sambamba, mipya myeupe juu ya ile ya zamani iliyofifia. Nyati na pongo huja kulamba vipande vilivyoanguka. Wasabaot walipeleka ng'ombe wao humo kwa sababu hiyohiyo, na familia nyingine ziliishi milangoni mwa mapango pamoja na mifugo. Nyasi za mlimani hazina sodiamu ya kutosha kwa kuwa mvua imeshaifua. Hapa chini bibi zetu walitatua upungufu wao kwa njia nyingine: walichoma maganda ya maharagwe, wakachuja maji ya majivu, wakapikia mboga kwa musherekha. Huko ndiko potasiamu na klorini kidogo ya shambani ilikokuwa ikiokotwa, jivu kwa jivu, kabla mvua haijaichukua.

Shaba yetu basi iko wapi? Ipo, lakini katika vazi linalostahimili maji. Kilembe, chini ya Ruwenzori, shaba ilichimbwa kwa wingi kuanzia 1956 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1982, na mkusanyiko wake ukasafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Macalder, kule Migori, ilichimbwa pia hadi miaka ya 1960. Kote huko shaba imeshikana na salfa na chuma ndani ya miamba ya kale, na maji ya mvua peke yake hayaiyeyushi. Ukitaka shaba yenye klorini karibu nasi, nenda Likasi, Katanga, ambako mwaka 1925 Alfred Schoep alieleza sindano nyembamba za buluu zilizoitwa butgenbakaiti. Zina klorini, zina nitreti pia, lakini sehemu kubwa ya atomi za shaba imeshikana na jozi za oksijeni na haidrojeni. Kwa ajili hiyo haziyeyuki. Shaba iliyokwisha kupatana na maji namna hiyo haiyaogopi tena.

Na hapo ndipo nawarudia wakulima wa kahawa, ambao nimewaona wakisinzia tangu Likasi. Ile kloraidi ya neli yangu ukiiacha ifuate njia yake hadi mwisho, ikiyeyuka kisha ikutane na kitu kinachopunguza asidi, chokaa au mwamba, itaacha unga wa kijani usioyeyuka: vipimo viwili vya shaba, klorini moja, na jozi tatu za oksijeni na haidrojeni. Ikizaliwa hivyo jangwani Atacama, Chile, ambako hata mvua ya mwaka mzima ni habari, huitwa atakamaiti. Ikizaliwa kiwandani ikatiwa kwenye mfuko, huitwa oksikloraidi ya shaba, nanyi mnaita kopa ya kahawa.

Ndiyo. Dawa mliyonunua kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani ina fomula ya madini ya Atacama. Chulebuni, ambao Kenya wengi wanauita CBD, uliripotiwa kwa mara ya kwanza duniani hapahapa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na kuvu wake amebeba kahawa hadi kwenye jina lake la kisayansi. Kabla ya oksikloraidi watu walichanganya mrututu, yaani salfeti ya shaba, na chokaa, fundisho lililotoka mashamba ya mizabibu ya Bordeaux katika miaka ya 1880. Mrututu peke yake huyeyuka, huunguza jani, na mvua ya jioni huuondoa. Kloraidi ya neli yangu ingefanya vivyo hivyo. Chokaa huufanya mrututu ushikamane na jani bila kuliunguza, na oksikloraidi hutoka kiwandani ikiwa tayari na tabia hiyo.

Kwa hiyo msishangae unga ukituama chini ya pampu. Hauyeyuki, na haukukusudiwa uyeyuke. Ni chembe zinazoelea, na ndiyo maana mwenye pampu ya mgongoni anatakiwa kutikisa na kukoroga kila mara, la sivyo mistari ya kwanza ya mibuni inapata maji ya rangi na ya mwisho inapata tope linaloziba nozeli. Chembe hukauka juu ya tunda bichi. Umande au manyunyu yakija, shaba kidogo sana huachiliwa, kiasi cha kuua mbegu za kuvu zinapoota, na nyingine inabaki ikingoja mvua ifuatayo. Dawa nzuri ya eneo la mvua ni ile inayobanduka kwa ubahili. Mwaka 1985 Ruiru 11 ilipotolewa, na Batian mwaka 2010, mkulima alipata mbuni unaojikinga wenyewe dhidi ya chulebuni na kupunguza kununua mifuko ya kopa. Nionavyo mimi, hakuna hoja ya kiafya wala ya kifedha inayoshinda hiyo kwa shamba jipya. Lakini wengi hapa bado wana miti ya babu, na miti ya babu inapulizwa.

Swali mlilonitumia kabla ya leo, kwenye karatasi isiyo na jina, lilikuwa kama kopa inaishia mtoni. Nalijibu kwa yale tuliyokwisha kuyaona. Mvua inapoiosha dawa kutoka kwenye jani, shaba na klorini, ambazo zilisafiri pamoja ndani ya moto wa volkano na ndani ya moto wa wachoma nyaya, huachana kwenye udongo. Kloraidi haina wa kuishika. Inashuka na maji hadi kijito, hadi Kuywa, hadi Nzoia, hadi Ziwa Viktoria, na imechanganyika na chumvi nyingine za mto. Shaba hushikwa na mboji na udongo wa mfinyanzi katika tabaka la juu, ndani ya upana wa kiganja hivi, na haiendi. Uchunguzi wa mashamba ya zamani ya kahawa ya Kenya umeonyesha shaba iliyorundikana humo baada ya kupuliziwa miaka mingi, hasa chini ya mwavuli wa mibuni ambako majani huangukia. Sehemu inayofika mtoni hufika pamoja na udongo unaomomonyoka, si katika maji safi. Anayetaka kuizuia azuie udongo: matuta, nyasi za kingo, matandazo.

Na anayeng'oa mibuni ya zamani apande mboga asiwafungulie kondoo papo hapo. Ng'ombe huvumilia shaba nyingi kiasi. Kondoo huilimbikiza kwenye ini na anaweza kufa baada ya miezi akionekana mzima, kwa hiyo kipande hicho cha shamba afadhali kipewe ng'ombe au kikatwe majani kwanza, na udongo upelekwe ukapimwe shaba. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko ya kondoo mmoja. Haya, dirisha bado liko wazi na neli imepoa. Wanafunzi wa nyuma mje mbele, mmoja mmoja, muipashe tena.